Geuza kikombe kwanza: kukusanya vyombo vya kale vya chai vya Kichina ukiwa Dodoma

Kikombe changu cha kwanza cha kale nilikikuta kimejaa vifungo. Nilikuwa nimekwenda Kondoa kununua cherehani ya mzee mmoja fundi aliyekuwa anaacha kazi kwa sababu ya macho. Pale mezani kwake, pembeni ya mkasi na chaki, palikuwa na kikombe kisicho na mkono, ukubwa wa nusu chungwa, kimechorwa wanawake watatu wamekaa barazani na maua ya waridi yamewazunguka. Dhahabu ya ukingoni ilishafutika, imebaki kama uzi mahali mahali. Nikamuuliza. Akasema, "Hicho cha mama, alikuja nacho kutoka Pwani alipoolewa. Chukua mwanangu, na vifungo vyake." Nikamlipa pesa ya cherehani, na kwa kikombe nikamwekea elfu kumi, akaikataa mara mbili ndipo akaipokea.

Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Dodoma. Leo nina vyombo 31: vikombe, visahani, mabuli manne na kopo moja la majani ya chai. Sikusomea. Nimejifunza kwa kushika, kwa kuuliza na kwa kupoteza hela. Ninamwandikia mtu wa huku bara anayeanza, ambaye hana duka la vitu vya kale mtaani kwake wala hana mamilioni.

Kabati la mama ndilo darasa la kwanza

Usianze kwa kununua. Fungua kabati la vyombo la mama yako, au la bibi, au la shangazi, lile lenye vioo ambalo watoto hawaruhusiwi kulisogelea. Huko utakuta vyombo vya Kichina, na vingi vyake vina historia yake hapa nchini. Reli ya TAZARA ilianza kujengwa mwaka 1970 ikakamilika 1975, na sehemu ya gharama za ndani ililipwa kwa kuuza bidhaa za Kichina hapa Tanzania na kule Zambia. Ndiyo maana maduka ya miaka ile yalijaa vitu vya China, na ndiyo maana nyumba nyingi zina seti ya chai ambayo kila mtu anaapa kuwa ni "ya zamani sana".

Si ya kale kwa maana ya wakusanyaji, maana wengi wanahesabu kitu kuwa cha kale kikishavuka miaka 100. Lakini kishike. Utaona vikombe vyenye madoa kama punje za mchele: fundi alikata vitundu kwenye udongo ukiwa mbichi, kisha maji ya kioo yanayopakwa juu ya chombo yakaviziba, na ukikiinua kikombe kwenye mwanga punje zote zinawaka. Utaona vya manjano au pinki vyenye herufi nne za Kichina kwenye miduara, 萬壽無疆, yaani umri usio na mpaka. Hivi ni vyombo vya kupendwa kwa haki yake, na kwa anayeanza ni shule ya bure. Mkono wako ukishazoea uzito wake, unene wake na weupe wake, siku utakaposhika kikombe cha miaka 150 utastuka. Utajua kuna kitu tofauti kabla hujajua ni nini.

Kauri hiyo nyingi ilitoka mji mmoja: Jingdezhen, mkoa wa Jiangxi. Karibu na huko kuna kilima kiitwacho Gaoling, ndicho kilichoupa udongo mweupe jina lake la kaolini. (Sisi nao tunao, vilima vya Pugu karibu na Dar es Salaam vina kaolini tele.) Udongo huo unachanganywa na unga wa jiwe, unaumbwa, na unachomwa kwa joto la kama nyuzi 1,300. Hapo ndipo unapokuwa mgumu, mweupe, unaolia kama kengele, na unaopitisha mwanga.

Mkono wa mchoraji

Mimi naishi kwa kutofautisha mshono wa mkono na wa mashine, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Nunua lenzi ndogo ya kukuza mara kumi, ile ya kukunja wanayotumia madalali wa madini. Dodoma haipatikani kwa shida, maana mkoa wetu una wachimbaji wa rubi kule Winza na wa krisopresi kule Haneti, na kila dalali ana lenzi mfukoni. Ya kwangu niliinunua kwa dalali kama huyo, na tangu siku hiyo haijatoka kwenye mkoba.

Iweke karibu kabisa na jicho, kisha angalia jani moja tu. Usiangalie ua zima. Kama jani lilichorwa kwa brashi, litaanza nene na kuishia jembamba, au kinyume chake, na utaona mahali brashi ilipogusa na mahali ilipoinuliwa. Rangi imejikusanya kwenye kona na imepauka katikati. Jani la pili halifanani na la kwanza kabisa, kama vile tundu la kifungo nililolishona saa mbili asubuhi halifanani na nililolishona jioni. Kama ni stika, yaani mchoro uliochapwa na kubandikwa, utaona vitone vidogo vidogo vilivyopangwa kama picha ya gazeti, au mistari yenye unene ule ule mwanzo mpaka mwisho, na kila ua ni pacha wa mwenzake. Wakati mwingine stika inapishana kidogo mahali pa kuungia, maua yamekatwa nusu kama kitambaa kilichokatwa bila kulinganisha mchoro. Kuna na ya katikati: mistari imechapwa, halafu rangi imejazwa kwa mkono. Usidanganywe na rangi iliyojazwa. Angalia mstari wa pembeni ndio utakaokwambia.

Kisha jua rangi iko chini au juu. Ile ya bluu na nyeupe inachorwa kwa kobalti moja kwa moja kwenye udongo uliokauka, ndipo chombo kinavikwa maji ya kioo na kuchomwa mara moja. Pitisha kidole, hutahisi kitu, maana rangi imefunikwa. Rangi za pinki, kijani, manjano na nyekundu zinapakwa juu ya kioo baada ya kuchomwa, kisha chombo kinarudi kwenye tanuri lenye moto mdogo. Hizo utazihisi kwa kidole kama tarizi juu ya kitambaa. Ukikilaza kikombe cha kale kwenye mwanga wa dirisha, pembeni ya rangi hizo mara nyingi unaona kivuli cha upinde wa mvua, chembamba, kama mafuta juu ya maji. Hicho kivuli ninakipenda kuliko kitu chochote katika kazi hii. Kikombe changu cha vifungo kinacho kuzunguka kila jani la kijani, na sikukiona kwa mwaka mzima kwa sababu nilikuwa nakitazama usiku chini ya taa ya dari.

Kuna jambo moja la rangi litakalokuokolea fedha nyingi. Ile pinki laini ya waridi inatengenezwa kwa dhahabu, na ilianza kutumika kwenye kauri za China mwanzoni mwa karne ya 18, miaka ya 1720 hivi. Utawala wa Ming, ukoo wa wafalme wa China, uliisha mwaka 1644. Kwa hiyo mtu akikuonyesha kikombe chenye waridi za pinki na kukwambia ni cha Ming, mshukuru, kirudishe mezani taratibu, na uende zako.

Kitako hakina cha kuficha

Watu wengi wakigeuza kikombe wanatafuta herufi. Mimi naanza na pete ya chini, pale kikombe kinapokalia, kwa sababu pale hakuna kioo wala rangi, ni udongo mtupu. Kwenye chombo cha kale udongo huo ni laini kwa kugusa lakini si wa chaki. Mara nyingi unapokutana na kioo kuna mstari mwembamba wa rangi ya machungwa, chuma kilichomo kwenye udongo kimeiva motoni. Unaweza kukuta chembe za mchanga wa tanuri zimegandia. Na utaona michubuko ya miaka: kikombe kimeburutwa mezani mara elfu, kwa hiyo mikwaruzo inakwenda kila upande, mingine mirefu, mingine mifupi, na imeingia uchafu wa viwango tofauti. Mikwaruzo ya msasa inakwenda upande mmoja na ina umri mmoja.

Hili nililijifunza kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua buli Dar es Salaam kwa shilingi 280,000, fedha za sare za shule nilizoshona mwezi mzima. Lilikuwa na joka, na chini lina alama nyekundu ya Qianlong, mfalme aliyetawala 1736 hadi 1795. Muuzaji alizungumza vizuri, akaniletea na kiti. Nilipofika nyumbani nikalifuta kitako kwa kipande cheupe cha pamba kilicholowa maji ya uvuguvugu. Kipande kikawa kahawia, na kikanuka rangi ya viatu. Chini ya ile kahawia udongo ulikuwa mweupe kama chaki ya ubaoni, mpya kabisa. Lile buli bado ninalo, sijalihesabu katika 31, na kila anayekuja kujifunza kwangu ninampa alishike kwanza.

Tangu hapo ninatembea na kipande cheupe cha pamba. Mwombe muuzaji ruhusa, lowanisha, futa. Asiyekubali ukifute kitako cha chombo amekujibu.

Alama zisome mwisho

Alama za wafalme huandikwa kwa herufi sita au nne, na husomwa kutoka juu kwenda chini, kuanzia kulia. Mbili za mwisho mara nyingi ni 年製, maana yake "kimetengenezwa enzi ya". Zikariri hizo mbili, utajua umeshika alama ya enzi na si jina la duka. Lakini alama ya enzi haina uzito wa cheti cha kuzaliwa. Mafundi wa karne ya 19 waliandika jina la Kangxi, aliyetawala 1662 hadi 1722, kwenye vyombo walivyotengeneza wenyewe, na wengi walifanya hivyo kwa heshima ya kazi za mababu. Kwa hiyo kuna vyombo vyenye alama ya Kangxi ambavyo ni vya kale, vizuri, na si vya Kangxi.

Alama za Kiingereza zinasaidia zaidi. Sheria ya ushuru ya Marekani iliyoanza kutumika mwaka 1891 ilidai bidhaa ziandikwe nchi zinakotoka, kwa hiyo neno CHINA peke yake chini ya kikombe kwa kawaida linaashiria kuanzia miaka hiyo. MADE IN CHINA ni ya karne ya 20 na kuendelea. Herufi nazo zina umri: China ilirahisisha mwandiko wake miaka ya 1950, hivyo 中国 na 制 badala ya 中國 na 製 vinakuelekeza kwenye vyombo vya baadaye.

Na visivyo na alama kabisa? Vingi vilivyochorwa Guangzhou karne ya 19 kwa ajili ya kuuzwa nje, vile vyenye wanawake, vipepeo na waridi, havina herufi hata moja. Kikombe cha Kondoa ni cha kundi hilo.

Kulikagua buli

Buli linahitaji muda kuliko kikombe, maana lina sehemu nyingi za kuficha maradhi. Anza na mfuniko: je, weupe wake ni ule ule wa tumbo? Bluu ya mfuniko na bluu ya buli ni za mkono mmoja? Mifuniko ndiyo inayovunjika kwanza, na wauzaji huoanisha mfuniko yatima na buli mjane. Chungulia ndani kwenye mzizi wa mdomo, utaona vitundu vya kuzuia majani. Kisha liweke kwenye kiganja, bila mfuniko, uligonge kwa ukucha. Zima hulia, lenye ufa hutoa sauti ya kibuyu. Washa tochi ya simu ndani yake: ufa mwembamba kama unywele utaonekana kama mstari mweusi.

Viungo vilivyogundishwa na kupakwa rangi vina dawa yake. Ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia, inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme, imulike gizani. Gundi na rangi za kisasa mara nyingi hung'aa tofauti na kauri inayozunguka. Nimeona buli ambalo mkono wake wote uliwaka kama taa, na mchana usingelijua.

Chombo kilichokarabatiwa zamani kwa pini za chuma, zile zinazoshika ufa kama mishono, mimi sikikatai. Mtu alikipenda akakipeleka kwa fundi. Kinapungua bei, hakipungui thamani kwangu.

Pa kutafuta, na kiasi cha kulipa

Hapa Dodoma ninapita Sabasaba kwenye mitumba ya vyombo, siku za katikati ya wiki, watu wakiwa wachache na muuzaji ana muda wa kuongea. Jumamosi mnada wa Msalato, ingawa huko wengi wanafuata nyama na mifugo, na vyombo nimevipata mara mbili tu. Tangu serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016, familia nyingi zimeleta makabati yao kutoka Pwani, na zikihama tena huuza vyombo kwa haraka. Waambie mafundi seremala na madalali wa nyumba kwamba unatafuta vikombe vya zamani, uwaachie namba. Mpwapwa na Kondoa usizidharau: misafara kutoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa ikielekea Ugogo na Tabora, na huko zimebaki koo zenye asili ya Pwani. Lakini nenda kwa adabu. Kunywa chai yao kwanza, ulizia mwenye chombo ni nani, na kama bibi anasita, usimshawishi mjukuu wake.

Kuhusu bei, watu wamesikia kwamba mwaka 2014, katika mnada wa Sotheby's huko Hong Kong, kikombe kidogo chenye jogoo na vifaranga, cha enzi ya Chenghua (1465 hadi 1487), kiliuzwa kwa zaidi ya dola za Hong Kong milioni 281. Ni kweli. Lakini meli ya Kiholanzi Geldermalsen ilizama mwaka 1752 ikiwa imebeba chai na kauri, na katika miaka ya 1980 vilitolewa baharini vyombo zaidi ya 100,000, vingi vikiwa vikombe na visahani. Kwa hiyo vya kale si haba, na umri peke yake hauleti bei. Kwa kikombe cha karne ya 19 chenye mmeguko, hapa Dodoma nimelipa kati ya elfu nane na elfu sitini, na kilichozidi hapo nilikilalia usiku mmoja kabla ya kulipa.

Kitu kimoja usikiguse: vya magofu. Kilwa Kisiwani, Kaole na kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi, kauri za Kichina ni sehemu ya majengo na ya ardhi yenyewe, watu wa kale walizipachika ukutani kama pambo. Akija mtu na kipande chenye chokaa mgongoni, usinunue. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba bila kibali, na kila kipande kinachong'olewa kinaacha kaburi la mtu na tundu.

Kuviishi

Vumbi letu jekundu la kuanzia Juni ni chembe za mawe. Ukilifuta kwa kitambaa kikavu unaisugua dhahabu. Lipeperushe kwanza kwa brashi laini ya rangi, ndipo uoshe kwa maji ya uvuguvugu kwenye beseni la plastiki lenye taulo chini, chombo kimoja kimoja. Majivu, mchanga na steelwire viache kwa masufuria. Maji ya visima vyetu yana chumvi na yanaacha utando mweupe, kwa hiyo suuza mwisho kwa maji ya mvua. Usitumie siki wala limau kwenye rangi za juu, zinaliwa.

Rangi hizo za kale nyingi zina risasi, madini ya risasi nasema, hivyo sinywei chai ya kila siku humo, na rosela au ukwaju sithubutu. Bluu ya chini ya kioo naitumia sikukuu. Hata hapo, buli lipashe kwa maji ya vuguvugu kabla ya kumimina ya moto. Asubuhi moja ya Julai, baridi ya Dodoma mnaijua, nilimimina maji yanayochemka kwenye buli lililolala dirishani, likalia "tak" na kupasuka mpaka kitakoni.

Kwa sababu ya matetemeko madogo tunayoyapata, kila rafu yangu ina ubao mwembamba mbele, kimo cha vidole viwili, na kila kikombe kinakalia duara la kitambaa. Cha kusafiria nashona mfuko: kata kanga kuukuu mara mbili, sentimita 30 kwa 30, weka sponji nyembamba katikati, shona mistari ya kukata mraba kama godoro la mtoto, kisha uzi wa kuvuta mdomoni. Mfuniko uwe na mfuko wake peke yake, usiuache juu ya buli hata kwa safari ya bajaji. Kwenye treni au basi ushike mapajani. Ndani ya kila mfuko natumbukiza karatasi: kilipatikana wapi, kwa nani, lini, kina kasoro gani. Karatasi ya kile cha kwanza inasema: Kondoa, kwa mzee fundi, cha mama yake, hakina alama, ufa mmoja mfupi, vifungo 46.